Loda ya Trekta Kuukuu Inapoishiwa Nguvu

SWALI: Ndugu Mhariri, pole na kazi. Nina trekta la Massey Ferguson 135 nililoachiwa na marehemu baba, lenye loda ya mbele ambayo haina pampu yake, bali hutumia oili ya haidroliki ya trekta lenyewe. Asubuhi kunapokuwa na baridi pampu hulia sana, ingawa kijiko kilichojaa samadi hupanda vizuri. Ifikapo saa nne, oili ikishapata moto, kijiko hupanda kwa kusuasua. Fundi ameniambia ninunue pampu mpya. Je, nifuate ushauri huo? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Ndugu msomaji wetu, fundi wako huenda akawa na haki, lakini ninakuomba usitoe fedha ya pampu kabla hujaitazama oili. Trekta la aina hiyo, lililoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, lina pampu ya pistoni nne iliyokaa ndani kabisa ya bodi, na oili inayolainisha gia ndiyo hiyo hiyo inayonyanyua kijiko. Kwa hiyo chembe za chuma zinazotoka kwenye gia, pamoja na maji yanayoingia kwa juu, vyote huishia kwenye pampu.

Chota oili kidogo, uitie kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, uiache usiku kucha. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au asubuhi ukikuta maji yametuama chini ya chupa, basi una jawabu la kwanza. Unaweza pia kudondoshea tone moja juu ya kikaango kikavu chenye moto: oili safi hutulia na kufuka moshi, bali yenye maji hutatarika kama mafuta ya kukaangia yaliyoingiwa na maji. Kwenye trekta lako maji hupenda kupitia kwenye mipira inayofunika mashina ya gialeva, kwa sababu mipira hiyo hupasuka kwa jua na uzee, na mvua za huko kwenu si haba. Ibadilishe mipira hiyo kwanza, bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya pampu.

Kulia kwa pampu ni dalili ya kiu. Oili iliyo nzito kwa baridi, au chujio lililozibwa na tope, huizuia pampu kuvuta kiasi inachohitaji, na ikiendelea kufanya kazi katika hali hiyo hujila yenyewe. Mwaga oili yote ingali na joto ili itoke na uchafu wake, safisha chujio la ndani, kisha jaza oili ya matrekta iliyokusudiwa gia na haidroliki kwa pamoja, kwa kadiri kitabu cha trekta kinavyoagiza. Pandisha na kushusha kijiko mara nyingi, kwa kuwa oili chafu hubaki pia ndani ya silinda zinazonyanyua kijiko na ndani ya mipira ya presha inayopitisha oili. Ikigeuka tena kuwa ya maziwa, mwaga mara ya pili bila kuionea uchungu. Kipimo cha oili kisomwe kijiko kikiwa chini, kwani ukipima kikiwa juu, sehemu ya oili iko ndani ya silinda, nawe utaongeza isiyohitajika. Pipa la oili nalo lisisimamishwe nje: maji ya mvua hutuama juu ya kifuniko, na usiku pipa linapopoa huyavuta ndani hata kama kizibo kimekazwa.

Baada ya hapo ndipo upime pampu, na kipimo chako ni mikono ya nyuma inayobeba plau. Oili ikiwa ya moto, nyanyua plau. Kwa vile nyuma na mbele hulishwa na pampu moja, plau ikipanda kwa nguvu huku kijiko kikisuasua, pampu haina kosa. Tafuta ubovu kwenye valvu ya loda, kwenye sili za silinda, yaani vizuizi vya oili isivuje, au kwenye mpira wa presha uliochanika kwa ndani na kuziba njia ingawa nje unaonekana mzima. Nyuma nako kukilegea, wakati oili ni mpya na chujio ni safi, hapo nitakubaliana na fundi wako kwamba pampu, au valvu ya kupunguzia presha, imechoka. Usimruhusu mtu yeyote aikaze valvu hiyo ili kuongeza nguvu, kwa maana mipira ya zamani haitahimili.

Jambo moja ninalisema kwa msisitizo. Usitafute uvujaji kwa kupapasa na kiganja. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi, na kidonda huonekana kidogo huku nyama ikiharibika ndani; aliyepatwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Pitisha kipande cha boksi badala ya mkono. Na kabla ya kufungua nati yoyote, teremsha kijiko hadi ardhini, zima injini, uchezeshe leva ili presha itoke.

SWALI: Nimebadilisha sili za silinda za loda mara mbili, na bado zinavuja. Kosa ni nini? (Msomaji, Kitale)

JIBU: Ndugu yangu, pangusa fimbo ya silinda, kisha upitishe ukucha juu yake taratibu. Ukucha ukikwama mahali, kutu imekula kromu, na kila fimbo inapoingia hukwangua sili mpya. Kishimo kimoja kidogo hulainishwa kwa msasa laini sana, lakini vikiwa vingi, fimbo ipakwe kromu upya au ibadilishwe. Ukilaza trekta, rudisha fimbo ndani kadiri inavyowezekana, na sehemu inayobaki nje uipake grisi, ambayo utaifuta kabla ya kuanza kazi ili isibebe mchanga kuingia ndani.