Nimekata tiketi kwa nauli iliyokosewa: je, ni haki yangu?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Kwenye kundi la WhatsApp tulitumiwa nauli ya ndege kwenda Jeddah kwa bei isiyofika hata sehemu ya kumi ya bei ya kawaida. Ujumbe ulisema: "Wamekosea, kateni haraka, na mtu asithubutu kulipigia simu shirika." Nikakata tiketi yangu na ya mama yangu mzee tukafanye Umra, kisha nikamkatia mdogo wangu ya kwake peke yake. Nikalipia na hoteli isiyorudisha pesa. Siku ya nne shirika likafuta tiketi zetu mbili na kurudisha nauli yote. Ya mdogo wangu haikuguswa mpaka leo. Mama alishawaaga majirani, sasa analia. Wenzangu wanasema tumedhulumiwa, mkataba umevunjwa, na tena shirika ni tajiri na si la Waislamu. Je, tuna haki ya kudai? Na mdogo wangu aitumie tiketi yake?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Nalijibu swali hili kwa kirefu kwa sababu ujumbe wa namna hii siku hizi unazunguka hata katika makundi ya darsa, na mwenye kuuliza uhalali wake huambiwa, "Hiyo ni riziki yako, usijitie ucha Mungu."

Wanaosema shirika linabanwa na nauli hiyo hushika mambo mawili. La kwanza ni kauli ya Allah: "Enyi mlioamini, timizeni mikataba." La pili ni kauli ya mafaqihi wetu wa Kishafii, yaani wanazuoni wa sheria wa madhehebu ya Shafii, kwamba kupunjika peke yake, hata kukiwa kukubwa, hakumpi mtu hiari ya kuvunja biashara. Aliyenunua kipande cha kioo akidhani ni johari, kimemkalia, kwa kuwa ni yeye aliyezembea kuuliza. Wenzako wakichukua kauli hiyo na kuibandika kwenye tiketi, wanadhani wamemaliza.

Hawajamaliza. Huyo wa johari bei aliitaja kwa ulimi wake na kwa kukusudia, akakosea katika kuipima thamani ya kitu tu. Kosa la nauli ni jambo lingine kabisa. Mtu wa bei pale ofisini alikusudia dola 900, kidole kikaacha sifuri moja ikasomeka 90. Au programu ikabadilisha sarafu kwa kiwango kisicho chake. Au ada ya mafuta, ambayo katika safari ndefu ni fungu kubwa la nauli, ikasahauliwa kujumlishwa. Hiyo bei hakuna aliyeikusudia. Na mafaqihi hao hao wa Kishafii wameshurutisha katika mikataba kwamba mtu awe amelikusudia neno alilolitamka. Ulimi ukiteleza, neno halina hukumu, ila dai la kuteleza halipokelewi hivi hivi bila alama ya kulithibitisha. Na ni alama gani iliyo wazi kuliko safari ya mabara mawili kuuzwa kwa nauli ya basi? Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) amesema katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah: "Hakika biashara ni kwa kuridhiana." Utaridhia vipi jambo usilojua kuwa umelisema?

Lakini msimamo huu una mpaka, na mashirika yasiufanye uchochoro. Shirika lililoshusha nauli kwa makusudi ili lijaze viti, kisha likaona ndege imejaa likajuta, hilo halina udhuru. Mkataba umeshafungwa, na kuifuta tiketi ni kula haki za watu. Vilevile, bei ikiwa ni ya chini ila inaingia akilini, kwa kuwa ofa kubwa zipo kweli, na abiria akanunua kwa nia safi, shirika likithibitisha kosa na kufuta linawajibika kumrudishia nauli yote kama alivyoitoa, si kumlazimisha apokee vocha, na kumfidia hasara aliyoipata kwa kuitegemea tiketi yao. Mtume amesema: "Hakuna kudhuru wala kudhuriana." Idara ya Usafirishaji ya Marekani iliweka msimamo unaokaribiana na huu mwaka 2015: shirika likithibitisha kwamba nauli ilikosewa, litaachwa lifute, kwa sharti liwalipe abiria gharama za haki walizoingia kwa ajili ya tiketi hiyo. Siitaji kama dalili ya sheria, naitaja ili ijulikane kwamba akili timamu zikitafuta uadilifu hukutana.

Sasa hoja ya "ni tajiri na si Waislamu". Hii naikataa kwa nguvu zangu zote, na aliyeisema atubu. Quraish wa Makka walikuwa wamepanga kumuua Mtume, na amana zao zilikuwa nyumbani kwake. Alimwacha Ali (radhiya Allahu anhu) nyuma Makka azirudishe kwa wenyewe. Hao walikuwa maadui waliochomoa panga. Wewe unazungumzia kampuni iliyokosea tarakimu! Na wale wasemao, "Sisi tukikosea herufi moja ya jina wanatutoza, mbona wao wasilipie kosa lao?" nawaelewa uchungu wao. Mengi ya mashirika haya yana sharti kali kwa mnyonge, na kumtoza mtu pesa nyingi kwa kurekebisha herufi ni ukatili. Hata hivyo Allah amesema: "Wala kuchukiana na watu kusiwapelekee kutofanya uadilifu." Na Mtume akasema: "Mrudishie amana aliyekuamini, wala usimfanyie hiana aliyekufanyia hiana." Hadithi hii imewekwa hasa kwa mtu ambaye ametangulia kudhulumiwa, ndiyo maana ni nzito.

Tazama watu waliokuwa kabla yetu. Sahaba Jarir bin Abdillah (radhiya Allahu anhu) alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Akamwendea muuzaji akamwambia, "Farasi wako ana thamani zaidi ya hiyo," akawa anampandishia mpaka ikafika 800. Alipoulizwa, akasema alimpa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Muuzaji alikuwa amesharidhika na 300 yake! Nasi tunawafundisha watoto warudishe chenji iliyozidi, kisha tukiwa na simu mkononi tunaandikiana "kateni haraka".

Ndugu yangu, sikuhukumu moyo wako, ila maneno ya ujumbe ule yanatosha. "Mtu asithubutu kulipigia simu shirika." Kama mngeamini ni ofa, simu ingewatisha nini? Sahaba An-Nawwas bin Sam'an amepokea kwa Mtume, katika Sahih Muslim: "Dhambi ni kile kinachokukereketa kifuani, ukachukia watu wakijue." Ulinunua ukijua. Kwa hiyo shirika halikukudhulumu lilipofuta, na pesa yako umerudishiwa yote. Hoteli huna haki ya kuwadai, kwa kuwa uliilipia juu ya tiketi uliyojua msingi wake. Waweza kuwaandikia kwa upole, na pia umwombe mwenye hoteli akusogezee tarehe. Mtume amesema anayemwondolea Mwislamu biashara aliyojutia, Allah atamwondolea kuteleza kwake.

Mama ndiye aliyenifanya niandike jibu hili usiku huu. Yeye hana kosa lolote. Alitandaziwa furaha na mwanawe akaipokea. Nakuomba usimwambie "wametudhulumu". Mzee akiinua mikono kuwaapiza watu ambao hawakumfanyia lolote, aliyempa habari hiyo ni wewe. Kaa naye, mwambie, "Mama, bei ilikuwa imekosewa, nami nililijua hilo." Itakuuma. Kisha mwambie yaliyo kweli kuhusu yeye: Umra humpasa mwenye uwezo, hadaiwi safari asiyoimudu, na aliyenuia jema asiweze kulitenda, Allah humwandikia jema kamili, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim kwa Ibn Abbas. Pesa iliyorudi usiitie katika matumizi mengine. Iweke pembeni kwa jina lake, uanze kuiongeza.

Tiketi ya mdogo wako asiitumie kimya kimya. Liandikie shirika, taja namba ya tiketi, sema: nauli hii tunaamini ilikosewa, mwasemaje? Wakiifuta, ni mali yao. Wakisema asafiri, asafiri na moyo mweupe, ni zawadi; mwanzoni mwa 2019 Cathay Pacific iliuza kwa makosa viti vya daraja la juu kutoka Vietnam kwenda Amerika Kaskazini kwa sehemu ndogo tu ya bei yake, ikatangaza hadharani kuwa itawabeba wote walionunua. Qantas nayo mwaka 2024 ilikosea nauli za daraja la kwanza kwenda Marekani, ikawapa abiria wachague kupanda daraja la biashara au kurudishiwa pesa, na sulhu kama hiyo ni halali. Na kama mmeshawaeleza waziwazi, nao wakaiacha tiketi ilivyo mpaka siku ya safari, asafiri. Wamejua na wamenyamaza. Ila barua hiyo muiandike kabla hajafunga begi.

Wallahu a'lam.