Tepu haizibi bomba kwa nje

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Mikindani, nyumba aliyotuachia baba ina mabomba ya chuma ya nusu inchi. Elbo (kiungo cha kona) ya jikoni inavuja. Fundi ameizungushia tepu nyeupe mara tatu, akapaka na gundi, bado inadondosha. Nizidishe tepu au nitafute gundi kali zaidi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue kitu kwanza. Hiyo elbo aliifungua? Kwa ulivyoeleza, hakuifungua. Kila wiki naitwa kwenye nyumba yenye kiungo kilichoviringishwa kama kidole chenye jeraha. Tepu ile si bandeji, na haina hata chembe ya gundi. Kazi yake ni kukaa katikati ya thredi, yaani ile mikato ya mzunguko kama ya skrubu, kulainisha ili chuma kiingie kwenye chuma mpaka kibane, na kujaza upenyo unaobaki. Ukiizungusha kwa nje, presha ya maji inaisukuma tu.

Funga koki ya mita, fungua kiungo, sugua thredi kwa brashi ya waya, kisha mulika tochi. Bomba huwa jembamba pale lilipokatwa thredi, kwa hiyo kutu hutoboa hapo kwanza, na hewa yetu ya chumvi inaiongezea kasi. Thredi zikiwa zimelika, kipande hicho kibadilishwe, hakuna dawa nyingine. Zikiwa nzima, zungusha tepu mara tano au sita kwa uelekeo wa kufungia. Ukienda kinyume itafumuka unapokaza. Kwa thredi kuukuu mimi napenda nyuzi za katani badala ya tepu, maana katani huvimba ikilowa. Ipake pesti ya mabomba ya maji ya kunywa, si rangi ya mlango iliyobaki stoo! Kaza kwa spana mbili, moja ishike bomba, usije ukalegeza kiungo kilichomo ukutani. Ukishakaza, usirudishe nyuma hata kidogo. Ukikosea, fungua uanze upya.

Wanaoniumiza zaidi ni wale wanaofukia kiungo kwa saruji, wakasema kimepona. Maji yanaendelea kutembea ukutani. Na siku ya mgao, presha ikishuka, tundu lililokuwa likitoa maji linaweza kuvuta: maji machafu yaliyolizunguka bomba yanaingia ndani, na huduma ikirudi unayakinga kwenye ndoo ya kunywa. Watoto wanaharisha, mnalaumu chakula. Kwa hiyo fundi yeyote akija kwako, kabla hujamlipa mwambie akuonyeshe kwanza thredi alizozifungua.