Mizani ya shairi na mizani ya buchani
Kuna wanaodhani ni kosa kuita hesabu ya silabi katika shairi "mizani", kama ile ya kupimia nyama. Hapana, si kosa. Mizani ya shairi na mizani ya buchani ni neno lile lile, limetoka Kiarabu kwenye mzizi uliotupa pia "uzani". Malori hupimwa kwenye mizani pale Vigwaza, wanajimu wana nyota ya Mizani, na mshairi naye hupima mshororo (mstari wa shairi) kwa silabi: utenzi 8, shairi la kawaida 16, yaani 8 kila kipande.

Ila hesabu silabi, si herufi. "Mtu" ni mizani mbili, m-tu. "Mbuzi" nayo ni mbili tu, mbu-zi, kwa kuwa m hapo haisimami peke yake. Nafundisha ushairi, na hapo ndipo wanafunzi wangu hukosea zaidi.