Nendeni Bulgaria, ila msiishie ufukweni

Wiki hii msomaji mmoja aliyeko Stuttgart ameniandikia: "Dada, nimewaambia wenzangu likizo hii naenda Bulgaria, wamenicheka mpaka nimeona aibu. Hivi kweli huko kuna kitu?"

Swali hilo nalijua. Mimi niliulizwa kwa ukali zaidi, kwenye kundi la WhatsApp la watu wa nyumbani tunaoishi Ujerumani: "Vipi, umekosa nauli ya Paris?" Aliyeandika namkumbuka, na waliobandika vikatuni vya kucheka nawakumbuka wote. Mwaka uliofuata wawili kati yao walinitafuta faraghani kuniuliza njia ya kwenda Bansko, mji wa milimani hukohuko Bulgaria. Niliwaelekeza. Mimi si mtu wa kinyongo, ingawa naona bado nalizungumzia.

Sasa mdogo wangu, sikiliza. Usianzie baharini. Vifurushi vingi vinavyouzwa huku vinakupeleka Sunny Beach, pwani ya Bahari Nyeusi, na mtu aliyekulia Tanga bahari ile haimshtui. Chumvi yake ni kama nusu tu ya bahari yetu, na kupwa na kujaa karibu hakuna: unaamka asubuhi, maji yapo palepale ulipoyaacha jana. Hoteli niliyofikia ilikuwa ya kulipia kila kitu mapema, na chakula kilikuwa chipsi na soseji, soseji na chipsi. Kilichoniokoa ni Nesebar, mji mkongwe uliokaa kwenye rasi hapo jirani, wenye makanisa ya mawe na matofali mekundu ya karne nyingi, nao umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1983. Nenda alfajiri, kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu.

Utamu uko milimani. Kwenye safu ya Rila kuna Musala, mita 2,925, mlima mrefu kuliko yote ya Balkani, yaani rasi ya kusini-mashariki mwa Ulaya. Najua Mtanzania akisikia hivyo anatabasamu, maana ni nusu ya Kilimanjaro. Tabasamu ukiwa bado chini. Mimi sikupanda Musala, nilikwenda Maziwa Saba ya Rila. Unapanda kwanza kwa kiti kinachoning'inia kwenye waya kutoka upande wa Panichishte, kisha unatembea kutoka ziwa hadi ziwa, kila moja likiwa juu ya mwenzake. Wameyapa majina kwa jinsi yalivyo: Figo, Jicho, na la juu kabisa Chozi. Ilikuwa katikati ya kiangazi na bado upepo ulinikata masikio. Beba koti, hata kama Sofia, mji mkuu, umeliacha jua likichoma.

Kwenda Bansko kuna basi la moja kwa moja kutoka Sofia. Usilipande. Nenda mji wa Septemvri, uchukue treni ya reli nyembamba inayopita Velingrad na Bansko na kuendelea hadi Dobrinishte. Ni kilomita 125, inatambaa karibu saa tano kwenye misitu na mahandaki, na Avramovo, mita 1,267, ndiyo stesheni iliyo juu kuliko zote za Balkani. Ukiwa na haraka, ungebaki nyumbani.

Bansko yenyewe wengi huifuata majira ya baridi kwa ajili ya kuteleza kwenye theluji. Mimi theluji naikimbia, naishi nayo. Kiangazi vyumba vinashuka bei na safu ya milima ya Pirin inabaki kuwa yako. Panda mpaka kwenye msonobari wa Baikushev, mti unaokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 1,300, uushike kwa mkono.

Halafu ule. Tafuta mehana, yaani mgahawa wa kienyeji, mara nyingi kwenye nyumba kongwe ya mawe. Agiza shopska: nyanya, matango, vitunguu na pilipili hoho chini ya jibini nyeupe iliyokunwa. (Usidhani ni ya mababu, ilienezwa na Balkantourist, shirika la utalii la serikali ya kikomunisti.) Tarator ni supu ya mtindi, matango na vitunguu saumu, na inaliwa baridi. Kijiko cha kwanza nilikunja uso, bakuli la pili niliagiza mwenyewe. Lakini kilichonifanya nikae kimya ni shkembe chorba. Ni supu ya utumbo, jamani! Inaliwa asubuhi na mkate, unaongeza pilipili na siki yenye vitunguu saumu, na waliokesha kwenye pombe wanaifuata kama dawa. Nimekwenda kote huko nikakuta supu ya stendi. Kwa Waislamu wenzangu: nguruwe yuko vyakula vingi, hata kapama ya Bansko, chakula cha nyama na kabichi chachu, mara nyingi anamo, kwa hiyo jifunze kusema "bez svinsko", yaani bila nguruwe. Na mhudumu akitikisa kichwa kushoto na kulia, amekubali.

Ndugu zangu, tunasafiri mno kwa ajili ya macho ya wengine. Mtu anakopa apige picha chini ya mnara, anarudi hajui wenyeji wanakula nini. Acheni hayo. Nimesema kwenye kundi, nasema na hapa.

Mambo ya makaratasi ni mepesi siku hizi. Tangu Januari 2025 Bulgaria imeingia kikamilifu Schengen, eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, kwa hiyo mwenye kibali cha kuishi Ujerumani anabeba kibali na pasipoti tu, na tangu Januari 2026 wanatumia yuro. Mnaotoka Dar au Nairobi mnaomba viza ya Schengen, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Mnaruhusiwa kuomba miezi sita kabla. Ombeni mapema, hasa kama mnataka Julai.