Muulize Shangazi: Filamu ya Michael, tuitazame au tuiache?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu This Is It, ile filamu ya mazoezi ya Michael Jackson iliyotoka Oktoba 2009 miezi minne baada ya yeye kufariki, nikasema naipenda na inaniuma vyote pamoja. Basi meseji zikamiminika hadi simu ikawa ya moto. Nimeona leo ukurasa wote tuuache kwa hilo, wale wa ndoa na mikopo mnisamehe mpaka toleo lijalo.

*

Dada yangu za siku. Nyumbani tumezaliwa wanne na wote tumekulia kanda za Michael, mzee alizifungia kwenye kabati la redio ukigusa unachapwa. Mimi nina DVD ya This Is It nimeitazama mpaka inakwama kwama. Dada yetu mkubwa hataki hata kuiona juu ya meza, anasema huku ni kumfungulia mtu mlango hajamaliza kuvaa. Juzi nikatupia kipande kwenye grupu la familia, akaleft bila kusema neno. Hivi mimi ndo nakosea?
Baba Wawili, Tabata

Baba Wawili, ngoja nimpe dada yako haki yake kwanza, manake hilo alilosema la mlango limenikaa kichwani siku tatu. Zile picha zilirekodiwa kati ya Machi na Juni 2009, zaidi ya masaa 100, na nyingi zilikuwa za kumbukumbu zake mwenyewe na nyingine za kutumika kwenye skrini siku ya shoo. Hakuna aliyemwambia siku moja watu watakata tiketi wakae na bisi zao wamwangalie akisahau, akisimama, akimwambia mpiga kinanda hapana rudia. Na huyu ni mtu ambaye alikuwa haachii wimbo mpaka kila mlio umekaa anavyotaka yeye. Mimi naamini kabisa angekuwa hai asingeruhusu hata nusu saa ya ile kitu itoke. Kwahiyo dada yako hajalogwa, na wala hayuko peke yake, mwaka ule ule filamu inatoka kulikuwa na mashabiki waliofanya kampeni ya kuipinga wakisema haisemi ukweli wa hali yake.

Sasa na wewe nikupe yako. Sisi huku tulimpata wapi? Februari 1992 alifika Dar akakutana na Rais Mwinyi, watu wakajaa barabarani, mimi nilikuwa mmoja wao nimepanda juu ya ukuta wa watu na viatu nimevipoteza hapo hapo, lakini kuimba hakuimba. Ziara yake ya mwisho iliishia Durban tarehe 15 Oktoba 1997, bara letu hili hili, na nani wa Tabata alikuwa na nauli ya Durban? Tuliyempenda tangu tukiwa watoto, aliyemweka Letta Mbulu aseme Kiswahili mwanzoni mwa Liberian Girl mwaka 1987 hadi shule nzima tukawa tunabishana kama tumesikia vizuri, hatukuwahi kumwona jukwaani. Kwahiyo ile filamu kwa mtu wa huku ndo kiti cha mbele pekee tulichowahi kupata, na mtu akikikalia mimi siwezi kumwambia ainuke.

Umeshakaa msibani wewe. Kuna anayelia mpaka anazimia na kuna ambaye tangu asubuhi yuko kwenye masufuria hajatoa chozi, na wote wamefiwa. Dada yako ni yule wa ndani na wewe ni yule wa jikoni. Mpigie simu, usimwandikie, mwambie kipande kile hukukusudia kumuumiza na grupuni hutakiweka tena. Filamu endelea nayo chumbani kwako.

*

Shikamoo shangazi. Nina miaka 19, Michael nimemjulia TikTok. Nimeitafuta hiyo filamu nikaiona yote lakini kuna sehemu anaimba kama ananong'ona tu, nyingine anaacha kabisa waimbaji wa nyuma wanamalizia. Marafiki zangu wanasema alikuwa ameisha, miaka 50 bana. Ni kweli?
Binti wa Dodoma

Marahaba mwanangu, na nimefurahi umeitazama yote maana wengi wanaona sekunde 15 halafu wanakuja kutoa hukumu.

Yale ni mazoezi. Mtu ana shoo 50 mbele yake pale ukumbi wa O2 London, anaitunza sauti kama unavyotunza maji ya tanki, na mwenyewe anawaambia pale pale kwamba anaihifadhi koo wamwelewe. Sasa nenda tena kwenye ule wimbo anaoimba na Judith Hill, I Just Can't Stop Loving You. Anaanza kidogo kidogo, mara binti anapandisha na yeye anashindwa kujizuia, anaachia sauti yote, wachezaji chini ya jukwaa wanapiga kelele kama wamelipa. Wakimaliza analalamika kwa kuwa wamemfanya aimbe hivyo wakati hakutakiwa! Yaani mtu anagombeza watu kwa kosa la yeye kuimba vizuri mno. Aliyeisha hagombezi kwa hilo.

Halafu nikuombe kitu, usiiangalie kama shoo, iangalie kama umekaa kwenye benchi la fundi. Kuna pale anamwelekeza Michael Bearden, kiongozi wa bendi, kwenye The Way You Make Me Feel, anataka muziki uburuzike kama mtu anayejikokota kutoka kitandani. Na anamwambia auache utokote. Mimi nikasikia mama yangu jikoni, usikoroge koroge mchuzi uache uchemke wenyewe. Na pale kwenye Smooth Criminal, Kenny Ortega mwongozaji anamuuliza sasa wewe umeipa skrini mgongo utajuaje picha imebadilika, anajibu ataihisi tu. Kwenye nyimbo za Jackson 5, kundi lake la utotoni na kaka zake, vile vispika vya sikioni vinamsumbua, anasema ni kama mtu anamkandamizia ngumi ndani ya sikio, lakini anasema taratibu na anarudia kwamba anasema kwa upendo. Nimefanya kazi na mabosi wasiofika hata ukucha wa huyu na hakuna aliyewahi kunisahihisha kwa lugha ile.

Angalia pia nguo zake, utaona katikati ya wimbo mmoja koti limebadilika. Wameunga mazoezi ya siku tofauti. Hilo likumbuke maana swali linalofuata linagusa hapo hapo.

*

Asalaam aleikum Bi Shangazi. Mie hio filamu niliitizama wiki ya kwanza ilipotoka, nikatoka na furaha kana kwamba natoka harusini. Baadae kesi ya daktari ikaja na mambo yakasemwa kortini, tangu hapo siwezi kuitizama, naona nilidanganywa. Kwani wenyewe hawakuona mtu mgonjwa?
Wa Kibokoni, Mombasa

Waaleikum salaam ndugu yangu. Swali lako nimelisoma nikaliacha, nikarudi, nikaliacha tena, kwasababu na mimi nilitoka nikicheka siku ile.

Waliona. Hilo halina ubishi kwa sababu Ortega mwenyewe alilieleza mahakamani chini ya kiapo. Tarehe 19 Juni 2009 Michael alifika mazoezini anatetemeka kwa baridi, maneno hayakai sawa, Ortega akamlisha, akamfunika blanketi, akamkanda miguu ipate joto, akamrudisha nyumbani bila kufanya mazoezi. Usiku ule akawaandikia wakubwa wa kampuni iliyoandaa shoo kwamba ana wasiwasi mkubwa na anahitaji msaada. Kesho yake kukawa na kikao nyumbani kwa Michael, na daktari Conrad Murray akamjia juu kwamba asijifanye daktari, kazi yake ni jukwaa. Tarehe 23 na 24 Michael akarudi ana nguvu, wote wakashusha pumzi. Tarehe 25 akafariki. Dawa ya propofol, ile ya kumlaza mtu kabla ya upasuaji, anapewa nyumbani ili apate usingizi. Novemba 2011 baraza la mahakama likamtia Murray hatiani kwa kuua bila kukusudia, akapewa miaka minne. Mama yake Michael akaifungulia kesi AEG Live, kampuni ile ile iliyoandaa shoo, na Oktoba 2013 baraza lingine likasema ndiyo, kampuni ilimwajiri huyo daktari, lakini hakuwa mtu asiyefaa kwa kazi aliyoajiriwa, basi kampuni ikashinda.

Kinachonikosesha usingizi mimi ni kwamba aliyemfunika blanketi na aliyeiongoza filamu ni mtu yule yule. Ortega. Alikuwa na masaa zaidi ya 100 mbele yake, na ndani ya dakika zake 111 ile siku ya baridi haipo, haitajwi, hata kifo chenyewe hakielezwi. Kuna siku namlaumu. Siku nyingine najiuliza, mtu uliyemkanda miguu yake kwa mikono yako ukaambiwa uchague dunia imkumbukeje, ungechagua nini? Sisi wenyewe picha ya marehemu tunayobandika ukutani tunatafuta ile aliyopendeza, hatuweki ile ya wodini. Ila picha ya ukutani haiuzwi, na hii iliuzwa, hapo ndo nashindwa kumtetea moja kwa moja.

Kwahiyo hukudanganywa kwamba alikuwa anaweza, kila hatua unayoiona kaipiga yeye. Walichokuficha ni gharama yake. Mimi siku hizi naitazama nikijua, na kuna sehemu nageuza uso, zile anazoonekana mwembamba sana ndani ya koti lenye mabega makubwa. Wewe kama hauwezi acha tu ndugu yangu, kumpenda kwako hakupungui.

*

Shangazi, hizo hela zilikwenda wapi? Nijibu kifupi nimebanwa na kazi.
Kigoma

Kifupi basi. Sony ililipa dola milioni 60 kupata zile picha, filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 260 duniani. Michael aliacha madeni ya zaidi ya dola milioni 400, na mirathi ndo ikaanza kujikwamua kwa kazi kama hii. Wosia wake wa 2002 ulipeleka mali kwenye mfuko wa familia, wa mama yake, watoto wake watatu na misaada ya watoto. Kwahiyo wanaosema hela zote zililiwa na wajanja hawako sahihi, ila wajanja nao walikula, na kwangu mimi haraka ile ya miezi minne bado inanuka. Mtu hata arobaini haijaisha mkataba wa filamu uko mezani.

*

Shikamoo shangazi, nakuandikia kutoka London. Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 22 nafanya kazi ya usafi usiku, nikapata tiketi ya Michael pale O2, ya mwezi wa nane. Nililia kwenye basi. Alipofariki wakatuambia tuchague, kurudishiwa hela au kutumiwa tiketi yenyewe iliyotengenezwa kwa kumbukumbu, ile ukiitikisa picha inacheza. Hela nilikuwa naihitaji kwakweli lakini nikachagua tiketi. Ipo kwenye bahasha mpaka leo. Filamu sijawahi kuiona hata dakika moja, nahisi nikiiona ndo itakuwa nimekubali kwamba shoo yangu ilishafanyika na nikaikosa. Mume wangu anasema sasa inatosha. Nifanyeje?
Mwanao wa Lewisham

Marahaba mwanangu. Barua yako niliisoma kwenye daladala nikashukia kituo kinachofuata kwa sababu sikutaka watu wanione.

Kwanza, mume wako hana ubaya lakini hakuna aliyepewa kazi ya kutangaza inatosha. Kama hutaki, bahasha ikae na filamu ikae, miaka yote unayotaka.

Ila kama unaniuliza mimi, nadhani unachokiogopa hakimo mle ndani. Shoo yako haikufanyika mwanangu. Hukuikosa, maana haikuwepo, hakuna mtu hata mmoja duniani aliyeiona, si tajiri wala jirani yako wa Lewisham. Utakachokiona ni ukumbi mtupu wa Los Angeles, viti maelfu hakuna mtu, na pale chini ya jukwaa wale wachezaji 11 wamesimama na mafundi wa taa. Hao ndo waliokuwa hadhira yake ya mwisho. Walikuja kwenye usaili kutoka nchi mbalimbali, wengine unawaona mwanzoni kabisa wanaongea na kamera wakitokwa machozi kwa kuitwa tu, kama wewe kwenye basi.

Anza na Billie Jean. Usianze mwanzo, mwanzo utakuchosha moyo. Hapo hakuna madoido, ni yeye na ule mdundo, na kuna sehemu muziki unabaki kidogo sana anacheza karibu kimya kimya, wale vijana chini wanashangilia hawawezi kujizuia. Wasikilize wao zaidi ya yeye. Wanashangilia na kwa niaba yako, ingawa hawakujua.

Mwambie mume wako akupikie chai akuache peke yako chumbani. Tiketi itoe kwenye bahasha uiweke karibu. Ikifika Man in the Mirror kama umechoka zima, hakuna anayekuhesabia. Na ukishaiona niandikie, ama usipoiona niandikie vilevile, nafasi yako hapa nakuwekea.