Nimezima intarapti lakini herufi bado zinapotea

SWALI: Habari ya kazi mwalimu. Mi ni mwanafunzi hapa Arua, najiandikia keneli ndogo (kiini cha mfumo endeshi) ya x86 (aina ya prosesa za Intel na AMD), prosesa moja tu, naijaribu kwenye QEMU, programu inayoigiza kompyuta. Funksheni ya kutoa herufi kwenye foleni ya kibodi inaanza na cli (amri ya kuzima intarapti, zile ishara za vifaa kama kibodi zinazokatiza kazi ya prosesa) na kuisha na sti (amri ya kuziwasha), katikati inaita funksheni ya kuandika kwenye skrini, ambayo nayo ina cli na sti zake. Nikichapa haraka herufi zinapotea. Si nimezima, sasa intarapti zinapenya wapi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hongera sana, kazi hii ni wachache wanaithubutu. Tatizo ni ile sti ya ndani. Sti haiulizi nani alizima, yenyewe inawasha tu, kwa hiyo skrini ikishamaliza mambo yake intarapti zimeshafunguka na we bado uko katikati ya foleni unaamini umejifungia.

Tuangalie idadi-- yako, pale unapopunguza hesabu ya herufi zilizo kwenye foleni. Ni mstari mmoja lakini kompaila inaweza kuuvunja mara tatu: soma, punguza, rudisha. Tuseme idadi ni 5, umeisoma, hapohapo kibodi inaingia inaongeza herufi inaandika 6, alafu we unarudi na 5 yako ya zamani unapunguza unaandika 4. Ilitakiwa ibaki 5. Herufi moja imekwenda hivyo, na ndo maana inatokea ukichapa haraka tu. Mi kosa kama hili lilinila siku tatu nzima, nikawa nalaumu draiva ya kibodi.

Fikiria geti la hosteli kule Wandegeya usiku. Ulilikuta limefungwa, ukipita lifunge, ulilikuta wazi liache wazi. Prosesa inakumbuka hali ya geti kwenye biti ya 9 ya EFLAGS (rejista ya hali ya prosesa), biti hiyo inaitwa IF. Basi mwanzoni piga pushf (inaweka EFLAGS kwenye staki, sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea vitu kwa muda), toa ile thamani uiweke kwenye variabo ya funksheni yenyewe (isiwe ya globo inayotumiwa na funksheni zote, thamani zitafutana), ndo upige cli, na mwishoni irudishe kwenye staki upige popf (inairudisha kwenye EFLAGS). Linux inafanya hivohivo, wao wanaita local_irq_save na local_irq_restore. Xv6, keneli ya kufundishia ya MIT, imechukua njia ingine, inahesabu umezima mara ngapi na inawasha hesabu ikirudi sifuri, kama hali ya mwanzo ilikuwa wazi.

Ila hata ukirekebisha, skrini itoe humo ndani kabisa. Toa herufi, rudisha hali, ndo uandike. Kama taima yako inagonga mara 100 kwa sekunde na umefunga zaidi ya milisekunde 10, ile PIC (chipu inayopokea intarapti za vifaa) inakushikia mpigo mmoja tu, mingine inapotea na saa ya keneli inabaki nyuma. Siku ukihamia prosesa nyingi utahitaji na kufuli ya kuzuia prosesa nyingine zisiguse foleni, maana cli inazima intarapti za prosesa yako peke yake.

Sti ya wazi ibakize kwenye kitanzi cha kusubiri: piga cli, angalia foleni, ikiwa tupu andika sti na hlt (amri inayolaza prosesa mpaka intarapti ije) zikifuatana bila kitu katikati. Sti inaanza kazi baada ya amri inayoifuata, kwa hiyo kibodi haiwezi kupenya kati yake na hlt ikakuacha umelala na herufi iko kwenye foleni.