Pumzi kwanza, mbio baadaye

Dada, umeuliza kama kuogelea mara tatu kwa wiki kunatosha kurudisha pumzi. Kunatosha sana. Dakika 50 mara tatu ni zile 150 za wiki zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Mimi nilipoanza hapa Dodoma nilikuwa nahema kabla sijagusa ukuta wa pili, kumbe nilikuwa nabana pumzi majini! Uso ukiwa ndani, toa hewa puani mpaka mapovu yatoke, ndipo ugeuze kichwa uvute. Bwawa la mita 25: nenda, rudi, pumzika nusu dakika, rudia mara nne. Zidisha taratibu. Ila Julai asubuhi maji ni barafu, nenda jioni, na kwa upepo wetu huu beba kanga ya kujifunika ukitoka.